Mubambiro Iandikwe Kama Kituo

Karatasi ilichanwa katikati ya daftari la shule na kukunjwa mara nne. Juu yake Mpwa alikuwa ameandika "Vakansi, siku 21", na chini majina yakashuka kama vidato vya ngazi: Goma, Mubambiro, Sake, Mushaki, Mokoto, Minova, Idjwi, Bukavu. Mbele ya kila jina palikuwa na idadi ya usiku wa kulala. Mbele ya Mubambiro palikuwa na neno moja tu: "kupita".

Neno hilo ndilo lililotukalisha hadi jioni. Tulikuwa watano barazani, mtaa wa Keshero, magharibi ya Goma. Mpwa alizaliwa hapa, akakulia Ubelgiji. Mjomba wake ni mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mzaliwa wa Mubambiro. Mama wa Sambaza hununua samaki na maharagwe Minova na kuyauza Goma. Motari ni kijana wa pikipiki, njia yake ni Goma hadi Sake na kurudi. Wa tano ni mimi niliyeshika kalamu. Majina yao nayaacha; sauti zao zatosha.

Mada tuliyokubaliana ni hii: vakansi ya polepole, ya kulala kituo baada ya kituo kando ya Ziwa Kivu na katika milima ya Masisi, ni jambo la kupangwa leo, au ni utani mbaya?

MPWA: Nianze mimi, maana karatasi ni yangu. Ningetaka kufika Bukavu upesi ningepanda boti ya kasi, asubuhi moja ingetosha. Lakini asubuhi hiyo ingemeza mengi. Ingemeza malisho ya Mushaki, milima ile ambayo wageni wa zamani waliifananisha na Uswisi, pamoja na jibini lake la duara linalouzwa hadi Kinshasa. Ingemeza mananasi ya Idjwi. Ingemeza usiku wa ziwani, wavuvi wa sambaza wakiimba kwa kufuatana na makasia, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu imetokeza mbele na nyuma. Mimi sitaki kufika. Nataka kwenda.

Tena tazameni ng'ambo. Kutoka Rubavu hadi Rusizi, Wanyarwanda wamechora njia ya kilomita 227 ya kutembea kwa miguu na baiskeli, wakaiita Congo Nile Trail. Mgeni anatembea siku kumi, analala vijijini, anakula kwa wenyeji, analipa. Ziwa ni lile lile, sambaza ni wale wale. Hata jina la Kongo wamelitia katika njia yao, na sisi wenye jina hatuna njia.

MAMA WA SAMBAZA: Umesema vizuri, mtoto wangu. Sasa nisomee pale ulipoandika Minova.

MPWA: Nimeandika, "Minova hadi Idjwi kwa mashua, kutazama mandhari."

MAMA WA SAMBAZA: Haya. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli Merdi ilitoka Minova, ikapinduka mbele ya bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiitazama kwa macho yao. Makumi ya watu walikufa maji. Ilijaa vile kwa nini? Kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, na kila kilichokuwa kikipita Mubambiro juu ya lori kilihamia majini: maharagwe, mihogo, akina mama, watoto wao. Pale unaposoma mandhari, mimi nasoma matanga. Sikukatazi kusafiri. Nakuuliza tu: utakaa kwenye omo ya mashua na miwani yako ya jua, na pembeni yako nani?

MPWA: Omo?

MAMA WA SAMBAZA: Mbele, pale panapokata maji. Usijali, wavuvi watakufundisha maneno.

MOTARI: Dada, mimi nina neno kuhusu huo mwendo wa polepole. Februari 2024 vita vilipokaribia Sake, tulitoka huko kwa miguu. Tulikwenda polepole sana. Godoro lilikuwa mgongoni, sufuria kichwani, mzee wetu juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao cha kusukuma, na chukudu iliyopakiwa mtu na viazi haikimbii. Tukalala Mubambiro, tukalala Mugunga, tukaishia Bulengo chini ya shiti. Vituo vingi, kama hivyo vyako. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa Februari, kambi zikavunjwa, tukarudi kwa vituo vile vile. Kwa hiyo ukisema polepole ni tamu, sikatai. Ila sisi tumeionja kabla yako, na ilikuwa chungu.

Hapo baraza ilinyamaza. Mama alimimina chai. Mpwa aliikunja karatasi mara moja, akaikunjua tena. Mjomba, aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho, ndiye aliyevunja ukimya, na hakuanza na vita.

MJOMBA: Mwanangu, kosa la karatasi hii ni dogo kuliko wanavyosema hawa, na kubwa kuliko unavyodhani wewe. Umeandika Mubambiro "kupita". Siwezi kukulaumu, kila mtu hupita. Gari za wageni zilipita vioo vimefungwa. Malori ya makaa yalipita. Januari 2025 jina letu lilisomwa redioni dunia nzima kwa sababu ya kambi ya kikosi cha SADC iliyokuwa pale. Wanajeshi 14 wa Afrika Kusini walipoteza maisha katika mapigano ya Sake na Goma siku zile, na mwezi Machi SADC ikaamua kukifunga kikosi chake. Redio nazo zikapita. Lakini mimi nilizaliwa pale kabla ya kambi yoyote, na nakuambia anayepita Mubambiro bila kulala hajaelewa hata moja ya vituo vinavyofuata.

MPWA: Kuna nini cha kuelewa, Mjomba?

MJOMBA: Ardhi. Angalia chini kwanza. Lava unayoikanyaga ni ya milima miwili, Nyiragongo na Nyamulagira. Nyiragongo ulishuka Goma mwaka 1977, ukashuka tena 2002, ukashuka tena Mei 2021. Nyamulagira, kati ya 1938 na 1940, ulituma moto wake hadi ziwani karibu na Sake, ukaibana ghuba ya Kabuno mpaka ikawa kama chumba chenye mlango mwembamba. Ukikaa Mubambiro jioni unaona yote mawili kwa pamoja: mlima uliotengeneza nchi na maji yaliyoizuia.

Halafu kuna mazuku. Kati ya Goma na Sake, ardhini hutoka hewa ya ukaa. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujaa mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haina rangi. Mbuzi akilala humo haamki. Mgeni mwenye hema hutafuta bonde kwa sababu linamkinga na upepo, na hapo ndipo anapojichagulia kaburi. Mtoto wa Mubambiro mwenye miaka saba angemwonyesha pa kulala. Lakini mtoto huyo huulizwa na anayelala, haulizwi na anayepita.

MOTARI: Hiyo ni kweli tupu. Mabondeni tunaambiwa tangu wadogo, usifuate mbuzi aliyeanguka.

MPWA: Basi nimekubali, Mubambiro ni kituo. Lakini hamjanijibu. Nikimsikiliza Mama, nisiende kwa sababu kuna waliokufa. Nikimsikiliza kaka yangu, nisiende kwa sababu kuna waliokimbia. Mokoto je? Watawa wa Kitrapisti walianzisha monasteri pale mwaka 1954, juu ya maziwa mazuri kuliko kadi za posta, na Mei 1996 watu waliokimbilia humo wakauawa. Kwa hesabu hiyo hakuna kilima cha Kivu kinachoruhusiwa kutembelewa. Tutaacha nchi yote iwe makaburi yenye mandhari?

Na kusubiri nako kuna bei yake. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ya kwanza Afrika. Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa humo na mlinzi wa hifadhi, Rachel Masika Baraka, akauawa. Ikafungwa kwa wageni, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020. Walio na hisa zao waliweza kusubiri. Mpishi wa kambi ya hifadhi kisiwani Tchegera alisubiri kwa kula nini? Anayeosha mashuka, anayetengeneza mtumbwi, anayeuza jibini njiani? Mtalii wa haraka hununua chupa ya maji. Wa polepole huacha pesa ya kitanda, ya ugali, ya sombe, ya mashua. Ninyi mnaona raha yangu, mimi naona mishahara yao.

MAMA WA SAMBAZA: Na pesa hiyo utalipa kwa nini?

MPWA: Kwa kadi.

Motari alicheka hadi chai ikamwagika.

MOTARI: Dada, mabenki ya Goma yalifunga milango Januari 2025! Huku ni noti mkononi au pesa ya simu. Na noti yenyewe isiwe na mpasuko, hata wa ukucha, itakataliwa. Tena weka akiba ya baraje. Kila kamba iliyovutwa barabarani ina mwenyewe, na mwenyewe ana jetoni yake, tiketi ya malipo. Leo ni huyu, kesho ni yule.

MPWA: Ndiyo maana niliandika tarehe. Siku ya 3 Sake, siku ya 5 Mushaki, siku ya 8 Mokoto. Ili nijue bajeti.

MOTARI: Hapo ndipo mpango wako unapokufa. Sikia sisi tunavyosafiri. Asubuhi siulizi redio. Namuuliza aliyetoka Sake: njia iko namna gani? Yeye kamuuliza aliyelala Shasha. Wa Shasha anaijua Bweremana, wa Bweremana anaijua Minova. Ukiwa Goma huijui Bukavu, unaijua Sake tu. Anayekuambia akiwa Goma kwamba Bukavu ni shwari, anauza kitu. Jibu likiwa zuri, twende. Likiwa baya, tunakaa, tunakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kesho tunauliza tena. Mwenye tarehe hukimbilia tarehe yake, na giza humkuta kati ya vijiji viwili. Sijawahi kuona ajali ya usiku ya mtu aliyekubali kulala.

Niliiandika kauli hiyo yote, kwa maana ndani yake mjadala uligeuka. Hadi hapo polepole ilikuwa ni anasa ya Mpwa ikishindana na machungu ya wenyeji. Motari, bila kukusudia, aliitoa mikononi mwa pande zote mbili: polepole ni kanuni ya usalama, na walioibuni ni wanaopita njia hiyo kila siku.

MJOMBA: Nami niongeze kalenda, maana kijana ameua tarehe lakini majira hayafi. Kutoka Juni hadi Agosti ndipo barabara ya Sake kupanda Masisi inapokauka. Mvua zikianza, udongo ule mwekundu humeza lori hadi bodi. Na kusini ya Minova, katika Kalehe, njia inapita chini ya milima iliyovuliwa miti. Tarehe 4 Mei 2023 mvua moja ilishusha milima hiyo juu ya Bushushu na Nyamukubi, ikaua zaidi ya watu 400. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Anayepanga safari ya masika pale kwa sababu tiketi za ndege ni rahisi, hajasoma mlima.

MPWA: Na Walikale, Mjomba? Sikuiandika. Niliogopa.

MJOMBA: Umefanya vyema kuogopa, Walikale ni msitu, na msitu hautaki ratiba. Hata mji wenyewe ulitekwa Machi 2025, na wiki chache baadaye waliouteka wakaondoka. Lakini uiandike pembeni, kwa sababu safari ya vituo iliyo maarufu kuliko zote katika nchi hii ni ya huko. Ni hadithi ya Wanyanga, ya Mwindo. Mwaka 1956 mtaalamu Daniel Biebuyck aliinukuu kutoka kwa mganaji Candi Rureke, na yeye na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Mwindo anafungwa ndani ya ngoma na babake mwenyewe na kutupwa mtoni. Haendi moja kwa moja kulipiza. Kwanza anafika kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye akimfuata babake kuzimu, kila mwenyeji anamtoza kitu kabla ya kumwambia lolote. Mmoja wao, Muisa, alimtaka kwanza apande shamba zima la migomba. Unaona? Hata shujaa hakupewa njia bure. Alilima kwanza.

MAMA WA SAMBAZA: Mwalimu amemaliza darasa, sasa nami nikiri. Nimekuwa nikibisha, lakini si kwa sababu sipendi vakansi. Miaka mingapi naenda Minova? Kila wiki. Idjwi naiona pale katikati ya ziwa, ndefu, ya kijani, ina moshi wa asubuhi. Watu wanasema vita vyetu vingi havikuvuka maji kufika huko. Sijawahi kushuka. Hata siku moja. Chombo hakisimami, mzigo unaoza, watoto wanangoja. Huyu mtoto anayetoka Ulaya ataiona Idjwi kabla yangu, na mimi nimeipita mara mia.

MPWA: Mama, mimi sikujua...

MAMA WA SAMBAZA: Ungejuaje? Hukuuliza. Karatasi yako ina usiku, ina jibini, ina ng'ombe. Watu wa hapa wamo, lakini wote wanapika, wanapiga makasia, wanabeba. Hakuna hata mmoja aliyekaa. Zamani Jumapili watu wa Goma walikuwa wakipanda Mushaki kunywa maziwa na kupiga picha, wakirudi jioni. Ilikuwa vakansi ile! Haikuwa na jina tu. Vita havikutuibia nyumba peke yake, vilituibia Jumapili. Kwa hiyo kama unapanga, panga na viti vyetu. Mimi ningekuwa na siku 21, ya kwanza na ya pili ningelala usingizi, mtu asiniamshe.

Nilipata zamu ya kusema nikiwa wa mwisho, na nilisema hivi. Safari isianze sasa. Mpango uandikwe sasa. Kusafiri kwa raha katika njia ambayo wenyewe bado wanairudia na magodoro ni haraka iliyovaa nguo za polepole. Lakini kuacha kupanga ni kukubali kwamba majina haya yabaki ya mistari ya vita. Sake ilijulikana kwa viazi kabla ya kujulikana kwa mizinga. Mpango mzuri ni kumbukumbu ya nani ana mtumbwi usiovuja, bonde gani lina mazuku, mlima gani hauaminiki masika, nani wa Shasha anayeijua Bweremana. Elimu hiyo ipo vichwani mwa watu waliotawanywa mara tatu kwa miaka miwili. Isipoandikwa karatasini, hata amani ikija njia itakuwa imesahaulika, na wa kwanza kuichora upya atakuwa mgeni anayepita vioo vimefungwa.

Hapo ndipo tulipokaa chini kuifanyia kazi karatasi. Tarehe zilifutwa zote, likabaki neno "kiangazi". Mbele ya kila kituo iliongezwa safu ya pili: wa kuulizwa. Sake, aulizwe atokaye Shasha. Minova, aulizwe mvuvi kuhusu upepo, na chombo kikizidi watu kiachwe kiende. Nyamukubi nayo iliongezwa: isiwe siku ya soko kwa kupiga picha; iwe kwa kununua. Mushaki ilirudishiwa Jumapili yake. Idjwi iliandikiwa usiku nne, viti viwili, kimoja cha Mama. Walikale iliandikwa pembeni kwa penseli, pamoja na alama ya mgomba aliyoichora Motari.

Ikabaki Mubambiro. Mpwa alilikata neno "kupita" kwa mistari miwili, akashika kalamu juu ya nafasi tupu.

MPWA: Mubambiro usiku ngapi?

MOTARI: Umesahau tayari? Uliza aliye wa huko.

MPWA: Mjomba, usiku ngapi?

MJOMBA: Mmoja, kwa kuanzia. Utalala nyumbani kwangu, juu ya lava, mbali na bonde. Ila kuna jambo. Kuta zimesimama. Paa halipo, walioondoka waliondoka nalo.

MPWA: Basi tutalalaje?

MJOMBA: Ndiyo nakuambia uandike. Mabati ishirini na nne, ya urefu wa mita tatu. Na misumari.

Mpwa aliandika. Mbele ya Goma pamesomeka usiku 2, mbele ya Idjwi usiku 4. Mbele ya Mubambiro pamesomeka usiku 1, na chini yake, katika safu ya gharama iliyokuwa imeachwa kwa ajili ya hoteli, mabati 24.